Sugu

Sheha aliandika kwa kalamu ya buluu:
Faki Shaame, mkaazi wa Kangagani, mwizi sugu.
Kisha akalikata "sugu", akaandika "aliyekubuhu",
akaniangalia mimi, mwalimu wa skuli,
kama anayeuliza lipi litampeleka ndugu yangu mbali zaidi.
Nikamwambia yote mawili yanafika Wete.

Safari hii ni pishi nne za karafuu
kwenye jamvi la Bi Mkasi, tena mbichi, kijani bado.
Mtu gani huiba karafuu mbichi?
Kabla yake baiskeli, kabla yake bati la banda,
na mwaka ule wa mvua nyingi, kawa la mama,
lile la ukindu mwekundu.
Kawa! Akaliuza kwa pesa isiyonunua hata sigara.

Usiku nikakaa na maneno
kama mtu anayetenga makonyo.
Kubuhu nimelisikia kwa mlevi, kwa mzinzi, kwa mwongo.
Sugu ni la homa, la deni, la kikohozi cha Mzee Hamadi.
Kutopea limebaki huko huko matopeni.
Kubobea wamepewa mawakili, redioni, wenye tai.
Kulowea ni la mgeni aliyekuja kwa siku tatu,
akaoa, akapanda minazi, akasahau njia ya bandarini.
Lakini sijasikia hata siku moja mtu akisema
fulani ni mpole sugu,
fulani amekubuhu kwa huruma,
mkamateni.

Sasa mama tumwiteje?
Miaka kumi na tisa, kila baada ya isha,
sahani ya Faki: muhogo, au wali ukiwepo,
na changu, upande wa kichwa, maana kichwa ndicho akipendacho.
Kawa juu, hili la pili, la kununua.
Mlango wa uani hurudishwa tu, komeo haligusi.
Baba alimkataza, akafa bado anamkataza,
na hilo nalo, ukilitazama, lilikuwa mazoea.
Majirani humwambia, "Bi Raya, unafuga mwizi."
Hujibu, "Nimemzaa," kisha huuliza chumvi iko wapi.

Asubuhi sheha akarudi, anataka dole la mama
chini ya karatasi, awe shahidi.
Akalishika gumba lake, akalichovya, akalibonyeza.
Doa.
Akalifuta kwa kanzu yake mwenyewe, akarudia.
Doa tena, jeusi, halina hata mstari mmoja.
Misimu yote ile ya kuchambua karafuu
imekula alama aliyozaliwa nayo.
"Bi Raya, wewe huna dole," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyemkamata yeye sasa.
"Ninalo. Limeota sugu tu."
"Inauma?"
"Haiumi. Ndiyo kazi yake."

Sheha akakataa chai, kama anavyokataa siku zote,
akanywa vikombe viwili, akaomba sukari iongezwe,
akaondoka na doa lake.

Watoto darasani huniuliza tofauti ya hulka na mazoea.
Huwaambia moja umezaliwa nayo, jingine umelizoea.
Wanaandika. Hawajaona gumba la mama.

Leo nimeamka kabla ya adhana.
Kawa limewekwa kando, chali.
Sahani imeoshwa, imefudikizwa juu ya jiwe la kufulia,
inadondosha maji.
Tangu mdogo Faki haachi sahani chafu,
hata alipokuwa na miaka sita, na jiwe likimzidi kimo.
Hilo nalo ni la miaka.
Sheha hakuliandika.

Nikaenda mlangoni, nikalishika komeo, lina baridi.
Nikasimama kidogo.
Nikaurudisha tu.